Ndimu ya Inspekta Fikirini

Ngoja nianzie mwanzo, maana nikianzia katikati nitatukana.

Alhamisi jioni tulikaa sebuleni kwetu Upanga, mimi na baba yangu, Girish, mwenye duka la sufuria Kariakoo, tunasubiri ule mchezo wa tivii uliokuwa unawakimbiza watu majumbani mapema. Baba aliupenda kama mtoto. Inspekta Fikirini, mpelelezi anayevaa koti refu kwenye joto la Bongo, kesi ikimshinda anaenda kwenye duka moja bovu, anainua mlango wake wa bati, anainama, na akitokea upande wa pili yuko mwaka mwingine. Anaona kwa macho yake nani alifanya nini, anarudi, anamkamata mtu. Kila Fikirini alipoinama, baba alipiga makofi.

Alhamisi ile aliinama akatokea mwaka themanini na tatu, wakati wa msako wa wahujumu uchumi. Mlio wadogo hamuujui: sabuni ilikuwa haionekani madukani, na ukikutwa na katoni mbili tatu uvunguni unaitwa mlanguzi, unabebwa. Kesi ilikuwa ya mfanyabiashara mmoja Mchaga aliyechongewa kwa askari, akatupwa jela, akatoka mgonjwa, akafa. Nani alimchongea? Fikirini akajibanza nyuma ya magunia, akachungulia. Nyuma yake anapita machinga na chupa za chai za Dubai mkononi, mwaka themanini na tatu, lakini hayo tuyaache. Akatokea Mhindi mmoja, masharubu ya kubandika, anacheka peke yake kama mwehu. Akatupa ndimu na pilipili mbele ya duka la jirani yake. Gari la askari likaja, likaiona ndimu, likasimama hapohapo. Kumbe ndimu ndiyo alama waliyoagana.

Baba aliinuka na miguu yake ile mibovu, akaenda kuzima tivii mwenyewe.

Aliyeandika mchezo ule anaitwa Rogath. Ni mtoto wa jirani yetu wa dukani, ukuta kwa ukuta, marehemu Kasmir. Na Kasmir ndiye aliyebebwa mwaka ule. Huyo Rogath, kabla ya msako ule, alikulia kwetu. Chapati za mama yangu alikula huyo, akishiba analala juu ya maboksi ya sufuria. Halafu mtu kama huyo anakaa chini na kalamu yake kumpaka baba yangu matope mbele ya nchi nzima. Haya hana kabisa.

Ndimu ilikuwepo kweli, sikatai. Sisi Wahindu kila Jumamosi tunafunga ndimu moja na pilipili mbichi kwenye uzi, tunaning'iniza mlangoni kuzuia jicho baya. Ile ya wiki iliyopita tunaitupa njia panda, watu na magari waondoke na mabaya yake. Wapita njia huwa wanairuka, basi, biashara inaendelea. Kazi hiyo aliifanya mama yangu, siyo baba. Siku waliyomfuata Kasmir ilikuwa Jumamosi, mama akatupa yake kama kawaida, na gari la askari likasimama pale pale njia panda, kwa sababu gari lingesimama wapi tena? Mtaa ukaamua kwamba mke wa Girish kaweka alama. Wengine wakasema uchawi. Tangu siku hiyo nyumba ya Kasmir haikutusalimia tena. Mama alikufa mwaka ambao watu wa mtaani walianza kununua tivii, na siku ya kuuchoma mwili wake hakutokea hata mmoja wa nyumba ile.

Ijumaa asubuhi baba alikaa kwenye kigoda chake mlangoni, kama siku zote. Mzee yule hauzi tena, anasalimia. Kusalimia ndiyo uhai wake: anaijua mitaa yote hadi Jangwani, anauliza nani kajifungua, timu imefungwa na nani. Siku hiyo alisalimia watu wakapita. Wabeba mizigo aliowanywesha chai miaka nenda rudi walijifanya viziwi. Mwanamke mmoja akaacha sufuria aliyokwisha kuichagua, akasema hanunui kwa mchongezi. Kabla ya adhuhuri baba akaniomba nimtafutie teksi.

"Sirudi tena hapa, Harshida," akasema. "Kaa wewe. Mimi nitakaa nyumbani."

Nilimjua baba yangu. Kumkalisha ndani ya flati, aangalie ukuta, ni kumzika mapema. Damu ikanichemka. Nikafunga duka mchana kweupe nikashika njia ya Mnazi Mmoja, maana nilisikia Rogath na wenzake wanapiga picha za mchezo wao pale.

Nilimkuta kwenye kiti cha kukunja, miwani ya jua kichwani, kajaa maringo. Nikampa vidonge vyake. Nilimkumbusha chapati, nikamkumbusha maboksi, nikamwambia kama njaa ya jina inamsumbua aseme tumchangie. Waigizaji wakaacha kazi wakawa wanatutazama sisi. Rogath akaniambia nishushe sauti, ule ni mchezo tu, hakuna aliyetajwa. Nikamuuliza wangapi Kariakoo wanauza sufuria na kutupa ndimu. Hapo akavua miwani.

"Basi wewe niambie, dada. Baba yangu alichongewa na nani? Nimemuuliza mama tangu nikiwa mdogo. Nikimtajia ninyi, hakatai."

Hakatai. Neno hilo nilirudi nalo hadi Kariakoo, kwa mama yake, Candida, anayeuza vitenge kwa jumla pale pembeni yetu. Shikamoo nilimpa, sikufundishwa utovu wa adabu. Kisha nikamtolea uvivu: kama anajua kitu aseme, na kama hajui aseme hajui, baba yangu anakufa kwa kimya chake. Aliendelea kukunja vitenge. Akaniambia nirudi dukani kwangu, mwanangu, na macho hakuyainua.

Jumamosi nikafunga ndimu mpya nikaining'iniza. Ile ya zamani sikuitupa kwa kuibia kama alivyozoea mama baada ya maneno ya watu. Niliinyanyua juu, nikatembea nayo polepole katikati ya wateja na mikokoteni, nikaitupa njia panda kila mtu akiona. Nilitaka wanitukane. Nilikuwa na majibu tayari ya ukoo mzima.

Rogath alikuwepo, siku hiyo alikuja kumsaidia mama yake kupokea mzigo. Watu wakaanza kunong'ona, mmoja akacheka. Ndipo Candida akatoka dukani kwake, kitenge begani, akaenda moja kwa moja njia panda, akainama, akaiokota ile ndimu kwa mkono wake. Ndimu ambayo hata mbuzi wa mtaa ule haigusi.

"Rogath," akasema. "Mume wangu alichongewa na baba yako mdogo. Krismasi ile tulipopanda Moshi alinipigia magoti kwenye migomba, akakiri. Ndiye aliyekuwa anakusomesha. Nikaona nikisema, utatoka shule. Nikawaachia hawa wabebe lawama."

Rogath aliweka chini mzigo aliokuwa amebeba. Mimi ndiye niliyefungua mdomo. Nilimwambia Candida kwamba alikuwa ukuta kwa ukuta na mama yangu pale dukani, alimsikia akikohoa, alijua anaumwa, na bado akamwacha afe na jina la mchawi ili mtoto wake apate elimu ya kuja kututukana kwenye tivii. Hakujitetea. Alisimama pale na ndimu mkononi, analia, na mimi sikumhurumia hata kidogo.

Jioni hiyo Rogath alikuja Upanga. Alivua viatu mlangoni, kama tulivyomfundisha utotoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, marahaba," baba akaitika haraka haraka, utadhani alikaa na neno hilo mdomoni miaka yote. Akamsogezea kiti. Akaagiza chai. Halafu, jamani, akaanza kumuuliza Fikirini anaupitaje ule mlango, ni kamera au ni nini, na wiki ijayo anaenda mwaka gani. Alikuwa anacheka. Nilikaribia kupasua vikombe. Mzee mzima, ametukanwa hivi, anauza msamaha wake kwa bei ya salamu moja.

Rogath akasema Alhamisi wataonyesha kipindi kingine. Fikirini atarudi mwaka uleule, safari hii ataona vizuri, atamkamata anayestahili. Baba akasema vyema, vyema sana, Jumatatu ataenda dukani. Kisha Rogath akanigeukia mimi na kuniomba radhi.

Picha ya mama ipo ukutani juu ya tivii, na shada lake la maua. Nikamwonyesha.

"Kama ule mlango wako unapitika kweli, Rogath, pita uende ukamwamkie yule."

Aliitazama picha. Midomo yake ikafunguka, shikamoo ikamkwama. Chai yake ilipoa pale mezani, nami sikumpashia.