Kitanda cha Nusu Tani

Mume wangu ni fundi wa majokofu, na maneno yake ni machache utadhani anayanunua. Ndiyo maana mdogo wangu alipoolewa, mama yetu akabaki peke yake na magoti yake mabovu, sikuthubutu kumwomba moja kwa moja kwamba mama aje akae nasi. Akikataa, nitaishi naye vipi? Nikazungusha maneno.

"Baba watoto, tangu watoto waondoke nyumba imepoa. Na kile chumba cha nyuma kimekaa bure."

Akatafuna, akameza. "Nimesikia. Nitafanya kitu."

Jumamosi akaja na Msumari, seremala rafiki yake, na mbao nene za kutosha kujengea daraja. Nilisimama mlangoni na sinia la chai, macho yamenitoka.

"Za nini zote hizi?"

"Uzito, shemeji," akasema Msumari. "Hapa tunazungumzia nusu tani."

Mama yangu ni mnene, sikatai. Lakini nusu tani! Nikalibwaga sinia nikaondoka.

Hata hivyo hasira haikufika jikoni. Mume wangu amekubali, tena anamtengenezea mama kitanda kwa mikono yake! Nikarudi kuchungulia.

"Jumatano mtakuwa mmemaliza?"

"Jumatano kitakuwa tayari," akasema mume wangu.

Nikampigia mama simu, nikamwambia afunge mizigo. Alilia kwa furaha.

Ila kila nilipokitazama kile kitanda nilizidi kupotea. Kilikuwa na miguu sita. Waliweka pimamaji kila upande, wakisubiri kiputo kikae katikati, kana kwamba mama akigeuka usingizini atamwagika. Na kimo chake kilinifika kiunoni.

"Mbona juu hivi?"

"Usiiname ukiwalisha," akasema mume wangu.

Nikalainika. Kumbe aliufikiria mgongo wangu! Lakini "ukiwalisha"? Mama ni mmoja. Nikajijibu kwamba ni heshima tu, mama mkwe hatajwi hivihivi.

"Kisikae karibu na dirisha," akaendelea. "Hawapendi jua. Na usigongegonge ukipita, wakishtuka hawali."

"Nani kakwambia hapendi jua? Kila asubuhi anaota jua!"

"Nani?"

"Nani, nani?"

Tukatazamana. Msumari akachukua msasa, akaanza kusugua palipokwisha kulainika.

Jumatano asubuhi wanaume wanne waliingia wakihema, wamebeba sanduku la kioo refu kuliko mlango, wakalitua juu ya kitanda cha mama. Mimi nilikuwa na shuka jipya mkononi.

"Hiki ni nini?"

"Tangi la samaki," akasema mume wangu, akitabasamu mpaka magego yakaonekana. "Si ulisema nyumba imepoa? Samaki wa rangi wanachangamsha nyumba."

Sikujua nicheke, nilie au nimrushie lile shuka. Mama alikuwa njiani. Kitanda chake cha zamani alishampa jirani.

"Na mama yangu atalala wapi? Humo ndani ya maji?"

"Mama gani?"

Nikamwambia yote, kwa ukali, machozi yakinitoka mbele ya wabebaji. Magoti, chumba, simu, na kwamba niliogopa atakataa.

"Mimi?" akasema mume wangu. "Uliniogopa mimi?"

Sauti yake ilikuwa ndogo. Nimeishi naye miaka yote hii na sikujua kwamba ningeweza kumuumiza kiasi kile. Nikaona haya.

Akawageukia wabebaji. "Lishusheni. Lipelekeni sebuleni, litakaa chini kwanza." Kisha akamwambia Msumari, "Lete msumeno."

"Miguu hii? Na gundi yote ile?"

"Kata."

"Nikate kiasi gani?"

Mume wangu akakuna kichwa, akanitazama. "Mama akikaa, goti lake linafika wapi?"

Nikavuta kiti nikakaa. "Mimi na yeye tumelingana."

Akapiga magoti mbele yangu na futi kamba yake, akapima kutoka sakafuni mpaka chini ya goti langu. Halafu akapima tena.

"Ongeza vidole viwili," nikamwambia. "Kuinuka ndiko kunakomuuma."

Akaongeza vitatu.