Mtihani wa Kompyuta ya Sekela

Mahfudha alikuwa na kijiba cha roho, tusizungushe maneno. Miaka miwili, katika ofisi ya utafiti pale Mwananyamala, alikuwa akiifundisha kompyuta kubashiri ni protini ipi itashikana na RNA ipi ya kirusi, ili watu wa maabara wasihangaike kujaribu zote. Kompyuta yake ilipatia asilimia themanini na moja. Akaja Sekela kutoka Mbeya, hata mwaka hajamaliza, akapata tisini na sita. Na nafasi ya kwenda ng'ambo kusomea shahada ya uzamivu ilikuwa moja tu.

"Huyu binti ana kichwa," mkuu wao, Dokta Apolinari, alimsifu mbele ya watu. Mahfudha akacheka na wenzake huku roho inamchoma.

Basi akaanza kuchimba. Aliomba faili la Sekela kwa sauti tamu, eti na yeye ajifunze. Sekela, mtoto wa watu, akampa. Mahfudha akalipekua mpaka akaona. Sekela alizichanganya jozi zake zote za protini na RNA kama karata, nyingi akafundishia, zilizobaki akazifanya mtihani. Kwa hiyo protini ileile ilikuwa huku na kule, na kompyuta ilitahiniwa kwa sura ilizokwisha kuzizoea. Ingefeli vipi? Mahfudha aliona raha, wallahi. Angeweza kumnong'oneza mwenzake, lakini thubutu! Alingoja kikao cha kuchagua.

Siku yenyewe akasimama, mtandio umekaa sawasawa. "Mie naomba kompyuta ya Sekela ipimwe upya, kwa protini ambazo haijawahi kuziona." Akaeleza sababu taratibu, kila neno analionja.

Sekela aliinamisha kichwa. Dokta Apolinari akakuna kidevu. "Hoja nzito hiyo. Basi na yako tuipime hivyohivyo, Mahfudha. Haki ni haki."

Hapo ndipo Mahfudha alipoikumbuka ya kwake. Kwani yeye aligawaje? Alichanganya vilevile. Lakini nani anaishuku namba yake mwenyewe ikiwa ndogo? Mtu huishuku kubwa ya mwenzake. Ya Sekela aliifumua mpaka pindo, ya kwake hakuigusa hata siku moja. Mkuki kwa nguruwe.

Kompyuta zikafundishwa upya, majibu yakatoka baada ya chakula cha mchana. Sekela sabini na nne. Mahfudha hamsini na mbili, ambayo hata kwa kurusha shilingi ungeipata. Nafasi ikaenda kwa Sekela.

Sekela akamfuata mlangoni, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Dada, asante. Bila wewe ningeenda kuaibika ugenini na ile tisini na sita yangu. Nimemwambia Dokta, huyu ndiye mtu anayenitakia mema hapa."

Afadhali angemtukana. Mahfudha alitafuta kinyongo machoni mwa yule binti, hakukiona hata chembe, na hilo nalo akamwonea wivu.

"Hongera, mdogo wangu," akasema, akautoa mkono wake.