Beringi ya Upande wa Kushoto

Huweishil alitakiwa ahamie kwa Muzna magharibi, maana zamu ya wake zake ilikuwa imebadilika. Hakuja. Alituma ujumbe wa sauti kwenye simu: gurudumu la mbele linanguruma, gari limeshapandishwa juu ya magogo uani kwa Ghubaisha, beringi mpya amezinunua mjini Ibra, kesho atamaliza. Nyuma ya sauti yake kulikuwa na mtu anacheka.

Muzna aliurudia ujumbe kuhakikisha kama kweli ni kicheko. Kilikuwa kicheko. Siku iliyofuata alikamua mbuzi mapema, akapunguza upepo wa matairi ya pikapu yake, akashika njia ya mchangani kuelekea kwa Ghubaisha, mke mwenzake.

Beringi za gurudumu moja si kazi ya siku mbili. Hilo alilijua kwa sababu Huweishil mwenyewe ndiye aliyemfundisha, mwaka walionunua gari lao la kwanza, wakati bado walikuwa na hema moja na mke alikuwa mmoja.

Aliwakuta chini ya banda la makuti. Gari lilikuwa limeinama kama ngamia anayetaka kulala, mguu wa mbele kushoto uko wazi. Huweishil alikuwa amepiga magoti akifuta ekseli kwa tambara. Ghubaisha alikaa kwenye mkeka kando yake, mikono ya nguo ameikunja. Wote wawili waliinuka. Kahawa ililetwa, na tende, na salamu zikaenda kwa utaratibu wake, ambao jibu ni moja hata kama kuna jambo.

"Habari, Mama Sanad?"

"Hakuna habari. Kwenu habari?"

"Hakuna habari," alisema Ghubaisha.

"Hakuna habari," alisema Huweishil, na gurudumu zima limelala chini katikati yao.

Muzna alipokea kikombe na kuuangalia mkono uliompa. Kiganja cha kulia cha Ghubaisha kilikuwa na grisi hadi kwenye kifundo, na ilikuwa imerundikana hasa pale chini ya kidole gumba. Grisi haikai hapo kwa mtu aliyekuwa anashika spana tu. Inakaa hapo kwa mtu aliyekuwa anaijaza beringi: unaweka bonge kiganjani, unaikandamiza beringi juu yake mpaka grisi ipenye kati ya rola na kutokea upande wa pili, unaizungusha kidogo, unarudia.

Usiku wa zamu unaweza kulipwa kwa usiku mwingine. Muzna alijaribu kukumbuka kama kuna mtu aliyewahi kulipwa saa za kufundishwa kazi namna hii, akaona hakuna.

"Umemaliza lini kujaza?" aliuliza.

"Sasa hivi. Ya nje na ya ndani," alisema Ghubaisha. "Huweishil kanionyesha mara moja tu."

Alimwita kwa jina, hivihivi. Muzna tangu azae humwita Baba Sanad.

"Imebaki kufunga nati na kurudisha tairi," alisema Huweishil. "Kabla ya magharibi nitakuwa kwako. Usinune, mama, nilikwama na gari tu."

"Nani kanuna?"

Muzna alivuta bakuli lililokuwa na beringi za zamani. Alizitia petroli, akazisugua, akazikausha kwa upindo wa shela, kisha akazigeuza juani. Rola ziling'aa zote, moja baada ya nyingine. Alipitisha ukucha ndani ya vikombe vyake vya chuma ambamo rola huzunguka, vilivyokuwa vimegongwa na kutolewa kwenye habu, kitovu cha gurudumu. Ukucha ulipita bila kukwama. Beringi inayonguruma huwa na mashimo kama uso wa mtu aliyepona ndui. Hizi zilikuwa nzima.

Kwa hiyo kulikuwa na maelezo mawili. Ama Huweishil alilifungua gurudumu zima ili apate sababu ya kubaki, ama alikosea upande. La pili lilikuwa na uwezekano mkubwa. Usukani wake uko kushoto na anaendesha dirisha lake likiwa wazi, basi sauti zote kwake hutokea kushoto.

Muzna alipima jambo lenyewe. Akinyamaza, nati itafungwa, tairi litarudi, na jua likizama mume atakuwa nyumbani kwake. Gari litanguruma njiani, lakini beringi haifi kwa safari moja. Kesho angemwambia, wangeifungua uani kwake, na kiganja chenye grisi kingekuwa chake. Kunyamaza tu kulitosha.

"Lakini mkono wake mwepesi huyu," alisema Huweishil, akitafuta soketi kwenye sanduku. "Wewe, Muzna, unakumbuka? Msimu mzima ulikuwa unaniachia beringi nusu kavu."

Ghubaisha alicheka. Kilikuwa kicheko kile kile cha kwenye simu.

"Amejaza vizuri," alisema Muzna. "Amemtibu asiyeumwa. Gurudumu bovu ni la kulia."

"Muzna, acha."

"Weka jeki upande wa pili."

Aliiweka. Muzna alilizungusha tairi la kulia kwa mkono mmoja, na mkono wa pili akauweka juu ya springi. Akamshika Huweishil kifundo cha mkono, akamwekea kiganja pale pale. Chuma kilikuwa kinatetemeka kama koo la paka. Huweishil alitoa mkono, akajikuna ndevu.

"Laa haula," alisema, kisha akacheka mwenyewe. "Mimi mzee sasa."

Muzna alimgeukia Ghubaisha. "Na wewe unayekaa kulia, hukusikia?"

"Nilikuwa namsikiliza yeye."

Alilisema bila shari. Ndiyo maana lilimwingia Muzna kwa urahisi hivyo.

"Basi," Ghubaisha aliendelea, "kama zile za zamani ni nzima, si tuzitie huku? Na vikombe vyake. Hatuna haja ya kurudi Ibra."

"Umesikia?" Huweishil alimwambia Muzna, uso umemchangamka. "Si mjinga huyu! Kazi ya saa chache tu. Kaa utusaidie."

Muzna alikunja mikono ya nguo. Alipiga magoti upande wa kulia, akasaidia kulegeza nati, akaishika habu ilipotoka. Vikombe vibovu viligongwa vikatoka, vya zamani vikaingia, na kila kimoja kilikaa sawasawa. Alifuta kiganja chake kwa tambara na kukinyoosha kupokea grisi.

Huweishil alichota grisi kutoka kwenye kopo. Hakuinua macho. Mkono wake ulikwenda moja kwa moja kwa Ghubaisha.

Muzna alisimama na kujikung'uta mchanga magotini.

"Huweishil," alisema. Hakuwa amemwita jina hilo tangu Sanad azaliwe, naye akainua kichwa. "Usiku wa leo ni wangu?"

"Wako. Wallahi, baada ya isha niko—"

"Nimempa Ghubaisha."

"Mimi sikuomba, Mama Sanad," alisema Ghubaisha. Bonge la grisi lilikuwa bado kiganjani, na hakuanza kujaza.

"Najua. Ungeomba nisingekupa."

"Muzna, kuna nini? Kuna habari gani?"

"Hakuna habari," alisema Muzna, na akaingia kwenye pikapu yake.