Mifuko ya Rabi Naftali

Usiku wa jana nilivuka mpaka wa Uganda nikiwa kitandani kwangu Chwele, na hakuna aliyeniuliza kitambulisho. Nilikuwa naenda kwa Wayahudi wa upande wa Mbale kumwona rabi wao. Shida yangu ilikuwa moja. Miaka minne iliyopita nilimwita mdogo wangu Simiyu mwizi, mbele ya wakwe zake, kwa sababu ya gunia la mahindi lililopotea kwenye kinu changu cha kusagia unga. Siku tatu baadaye nililikuta nyuma ya injini. Nikanyamaza. Hatujasemezana tangu hapo.

Nilitaka rabi anisamehe, yaishe.

Naingia sinagogi. Wanaume tisa wamekaa, sala haijaanza.

"Mnamngoja rabi?" nauliza.

"Rabi ni yule wa pili kutoka dirishani," linajibu benchi. "Tunamngoja mtu wa kumi, bila kumi sala haianzi."

"Basi ameshafika."

"Wewe si Myahudi, huhesabiki. Kaa, ila usinune."

Nakaa. Anaingia muuza mkaa, viganja vyeusi tititi, na papo hapo sala inanguruma kama injini iliyopata dizeli. Tena anayeongoza ni huyo huyo muuza mkaa. Rabi katulia kwenye benchi, anaitikia kama wenzake. Kwetu mchungaji akichelewa, hata pambio halianzi.

Sala inaisha, namfuata rabi. Ni mzee mfupi, jina lake Naftali, na koti lake lina mifuko kama ishirini. Namweleza habari ya gunia.

"Kwa hiyo nisamehe, rabi. Nina safari ndefu."

"Ngoja nitazame." Anajipekua. Anatoa chaki, miwani, kipande cha muhogo, halafu kuku mzima.

"Vipi, naliwa siliwi?" kuku anauliza.

"Bado nakusomea sheria, mama. Ukurasa mmoja umebaki." Anamrudisha mfukoni, anapekua wa mwisho. "Msamaha sina."

"Rabi mzima huna?"

"Mimi ni mwalimu, bwana. Nasoma sheria, naulizwa, najibu. Uliyemwita mwizi ni nani?"

"Simiyu."

"Basi msamaha wako uko mfukoni mwa Simiyu. Hata Mungu hautoi humo kabla hujamwomba mwenyewe."

"Na akikataa?"

"Unarudi. Mara tatu, pamoja na mashahidi watatu."

Benchi linasimama, linajikung'uta vumbi. Vitabu viwili vinashuka rafuni vikibishana. Mashahidi wametimia.

"Twende basi, rabi."

"Siji. Nikija utaongea na mimi."

Nageuka, ukuta wa sinagogi umekuwa mlango wa Simiyu. Nabisha hodi.

"Simiyu, nisamehe, lakini na wewe ulikuwa unazurura sana pale kinuni."

Kitabu kikubwa kinakohoa. "Umetia 'lakini'," kinasema. Mlango haufunguki.

Mara ya pili naeleza nilivyoteseka mimi: presha, usingizi kukatika, mke kurudi kwao. Kitabu kinakohoa mpaka kurasa zinapepea.

"Nani aliitwa mwizi hapa, wewe au yeye?"

"Wewe kitabu una dharau."

"Jibu swali."

"Yeye."

Benchi linanisukuma mbele kwa mguu. Imebaki mara moja tu. Natafuta maneno mazuri, sina hata moja.

"Simiyu," nasema, "hukuiba. Gunia lilikuwa nyuma ya injini, nikalificha jambo hilo kwa sababu ya aibu. Nitakwenda kwa wakwe zako niyaseme haya haya, nikiwa nimesimama pale pale nilipokutukana."

Vitabu vinaacha kubishana. Kile kikubwa kinakohoa kidogo, kama mtu anayezuia kilio. Kitasa kinazunguka.

Nikaamka. Jua lilikuwa limeshaingia dirishani, na simu ilikuwa chini ya shavu langu, ya moto kama chapati. Nikaifungua. Nilikuwa nimempigia Simiyu mara tatu. Mbili hakupokea. Ya tatu tuliongea dakika kumi na tisa.

Chini yake kulikuwa na ujumbe: "Kaka, nimekusikia. Jumapili twende kwa wakwe pamoja. Na huyo mzee anayekohoa hapo kwako, mtafutie dawa."

Mimi nalala peke yangu.