Siku Roho Alipomshukia Cleotis

Mchungaji Pettaway aliitisha kikao cha afya ya akili baada ya polisi kumlaza Cleotis kifudifudi kwenye lami mbele ya binti yake, kwa kosa la kufanana na mtu mwingine. Tangu hapo Cleotis halali, haendeshi gari, na mkewe Verdell akimuuliza ana nini, anajibu hana kitu. Verdell alitaka jambo moja tu: mumewe aseme.

Tulikutana ukumbi wa chini ya kanisa, tukala kuku wa kukaanga, kisha Mchungaji akauliza nani hayuko sawa.

"Nimebarikiwa," akasema Mama Ozella, ambaye hulala na taa zote zikiwaka tangu mwanawe afungwe.

"Hata mimi nimebarikiwa," wakasema wengine, mmoja baada ya mwingine. Jimbo zima la Missouri hakuna watu wenye afya kama sisi.

Mimi ni muuguzi wa kanisa. Sijui hata kupima presha; kazi yangu ni kuvaa nyeupe, kuwapepea walioshukiwa na Roho, na kuwafunika shuka wakianguka.

Sasa Mchungaji, kwa akili zake, alikuwa amemwalika pia afisa wa polisi, eti tuelewane. Afisa akaingia na sare yake na bastola yake. Cleotis akasimama, akaanza kutetemeka mwili mzima.

Sisi mtu akitetemeka tunajua ni Roho. Lucius, mpiga kinanda wetu, akarukia kinanda chake. Watu wakapiga makofi. Mimi na wenzangu tukamzunguka Cleotis, tukapepea.

"Mwachie Bwana, kaka! Mwachie!"

Kisha nikamshika mkono. Aliyeshukiwa huwa wa moto. Mkono huu ulikuwa baridi, na suruali yake ilikuwa imelowa.

"Ernestine," Verdell akaninong'oneza, "huyo si Roho."

"Nimeona."

Afisa alikuwa amepeleka mkono kiunoni. "Huyo bwana ana shida gani? Niwaite wenzangu?"

Niliogopa sana. Wenzake wakija kwa mtu mweusi aliyepagawa, sisi ndio hupika chakula cha matanga.

"Anamsifu Mungu," nikamwambia. "Kwenu hamsifu?" Nikamgeukia Lucius. "Piga! Ukithubutu kuacha nitakuvunja vidole."

Akapiga. Tukamlaza Cleotis, tukamfunika shuka. Mama Ozella, na magoti yake mabovu, akacheza mbele ya afisa kama msichana. Afisa akangoja wimbo uishe. Haukuisha. Mwishowe akachukua kipande cha keki, akamshukuru Mchungaji kwa ibada nzuri, akaenda zake.

Kinanda kikanyamaza.

"Ameondoka?" Cleotis akauliza chini ya shuka.

"Ameondoka, mpenzi," akasema Verdell, amepiga magoti.

"Naogopa, Verdell. Kila siku naogopa."

"Amina," tukaitikia wote kwa mazoea, kisha tukaona aibu.

Mama Ozella akajishusha sakafuni taratibu, akilalamikia magoti. Akavuta ncha ya shuka, akajifunika miguu.

"Hebu sogea," akamwambia Cleotis. "Hata mimi naogopa."