Koti la Kutokea

Mimi siwezi kukaa na watu kwa amani, na kosa ni la kazi yangu. Wewe unanisimulia safari yako, mimi nakodolea macho kifungo chako cha pili, ambacho uzi wake haufanani na wenzake, najiuliza nani alikishona na alikuwa na haraka ya nini. Dada yangu amenikataza kabisa kuwatazama wakwe zake. "Unawakagua kama askari wa getini," anasema. Sasa nifanye nini? Kazi yangu ni kuwavisha waigizaji, na nguo ya jukwaani lazima iseme kabla mwenyewe hajafungua mdomo.

Kazi hiyo baba yangu alikuwa hataki hata kuisikia. Kwake yeye, fundi cherehani ni mtu anayemshonea mtu wa kweli suruali ya kwenda nayo kazini. "Wewe unashona nguo za uongo," alikuwa akiniambia, na hapo maongezi yameisha, kila mtu anatazama sahani yake. Chumba changu cha mavazi hakuwahi kukikanyaga. Kwa hiyo aliponipigia simu kwamba anakuja mjini kwa daktari wa macho, na angependa kupita kuiona "hiyo ofisi yako", nilifurahi mpaka nikaogopa. Nilitaka kitu kimoja tu: atoke pale akisema binti yangu ana kazi.

Lakini siku aliyoichagua, jamani! Wiki nzima nilikuwa nagombana na koti. Mchezo wenyewe ulihusu mtu anayefilisika. Koti lake la kahawia tunaliona jipya mwanzoni, na mwishoni ni lile lile, limechakaa. Nilishona mawili. La kwanza halikuwa na neno. La pili nililitesa: nililisugua viwiko kwa msasa, nikalichovya kwenye chai ya rangi, nikajaza kokoto mifukoni na kulitundika likiwa bado bichi ili mifuko ilegee. Mwongozaji wetu tunamwita Bwana Tena, kwa sababu neno lake ni hilo moja. Kila asubuhi alilitazama koti langu akatikisa kichwa. "Bado linanukia duka. Tena!"

Baba alipiga hodi ingawa mlango ulikuwa wazi. Alikuwa amevaa koti lake la kutokea, nalo la kahawia, lile la misibani, harusini na benki, limepigwa pasi likanyooka. Nilimwonyesha cherehani, nikamwonyesha kabati la kofia na kasha la vifungo, nikamsimulia na ugomvi wangu na koti. Alipita taratibu, mikono nyuma, kama mtu aliyeambiwa asiguse kitu. Mwishowe akashika gauni moja, akaligeuza ndani nje.

"Mishono hii umeishona wewe?"

"Mimi, baba."

"Mh."

Kwa baba yangu, hiyo mh ni hotuba nzima. Akavua kofia, akaiweka mezani, nami nikageuka kumtafutia kiti.

Hapo ndipo Bwana Tena akaingia. Alisimama ghafla, kisha akaanza kumzunguka baba kama mtu anayenunua ng'ombe. Akamshika mkono wa koti.

"Hapo! Hapo sasa! Hili ndilo koti! Mkono huu uliopauka umeufanyaje? Na huyu mwigizaji umemtoa wapi? Ukimwona tu unajua huyu mtu amekwisha. Hebu geuka kidogo, mzee."

Na baba, maskini, akageuka.

"We bwana, toa mkono wako! Huyo ni baba yangu! Na hilo ndilo koti lake zuri!"

Bwana Tena aliuachia ule mkono. "Shikamoo, mzee," akasema kwa sauti ya mtoto aliyevunja kikombe.

"Marahaba," baba akajibu. Adabu haikumpotea, ila mkono wake ulikuwa tayari umeifuata kofia mezani. Nilijua akitoka vile harudi tena, wala hataniuliza habari za kazi yangu mpaka tuzikane.

Sikujua niseme nini, nikasema lile ninalolijua.

"Amekwisha nani?" nilimgeukia Bwana Tena. "Kumbe nguo huzijui wewe! Mkono huu umepauka kwa sababu ulikuwa unakaa dirishani mwa lori alipokuwa dereva, koti likiwa hili hili moja, na sisi tumesomeshwa na mkono huu. Kola hii ilichakaa ikafumuliwa, ikageuzwa, ikashonwa upya. Hiyo ni kazi ya mama yangu, mishono midogo hivi hana mwingine. Kifungo hiki kimetoka kwenye gauni lake. Na tazama bitana, imepigwa pasi hata huku ndani asikoona mtu. Mtu aliyekwisha hapigi pasi bitana!"

Nilimaliza nahema. Na katika kusema vile nikauona ubovu wa koti langu mwenyewe. Nililichakaza tu. Sikuwa nimefikiria mtu wa kulitunza.

Baba alikuwa ameishika kofia, hajaivaa. Akasogea dirishani penye mwanga, akaunyanyua ukosi wa kushoto, pale unaposhuka kifuani. Ukingo wake ulikuwa umelika, nyuzi ziko nje. Ni mahali pekee ambapo sindano ya mama haikupita.

"Na hapa je, fundi?"

Hajawahi kuniita fundi. Niliinama, nikapapasa kwa kidole. "Hapa ni panya, baba. Mama alisahau kupashona."

"Hakusahau. Nilimkataza." Akacheka kile kicheko chake kidogo cha puani. "Panya mwenyewe ni wewe. Ulikuwa unaota meno. Hulali mpaka nikubebe, na ukishabebwa kazi yako ni moja tu, kulitafuna koti langu mpaka usingizi ukuchukue."

Nililia, tena mbele ya Bwana Tena, na sikuona haya.

Baba akairudisha kofia mezani, akavuta kiti, akakaa.

"Haya, mama," akaniambia. "Lete hilo la uongo tulione."