Moshi Nyuma ya Malkia

Winifred Stagg alitengeneza filamu fupi, za dakika tano tano, kuhusu maana zilizofichwa katika picha za kale za wafalme. Siku hiyo alikuwa Northumberland, katika jumba la mzee Hugh Carraday, mbele ya picha ya malkia. Alun, mpiga kamera wake, alikuwa amekwisha washa taa.

"Lulu ni ubikira," Winifred aliieleza kamera. "Glavu iliyovuliwa ni mamlaka. Na huku dirishani, nyuma ya bega lake, ni moshi wa kijiji alichoamuru kichomwe. Aliyekichoma ndiye aliyezawadiwa jumba hili."

Hugh, aliyekuwa kitini akinywa wiski tangu adhuhuri, akacheka. "Hilo wingu, bibie."

"Wingu halitokei kwenye paa la nyumba, Bwana Hugh."

"Nimekukaribisha, nikakupa chai, halafu unamtukana babu yangu ndani ya nyumba yake mwenyewe?"

"Aliyesema ni mchoraji. Mimi nasoma tu."

Hugh akainuka na chuma cha kuchochea moto. Pigo la kwanza liliangusha kamera. La pili lilimpata Alun mkononi, mfupa ukasikika ukikatika. Akapiga magoti, akatapika. Winifred akanyakua stendi ya taa, akamtwanga nayo Hugh usoni. Damu ikamchuruzika puani mpaka kwenye shati, lakini hakuanguka. Alichukua mezani kisu cha kufungulia barua, akaiendea picha.

"Nitaukwangua huo moshi wenu."

Winifred hakufikiri. Aliufunika moshi kwa kiganja, na kisu kikapenya hadi upande wa pili, kikatoboa turubai. Alimkazia Hugh macho, meno yameumana, mpaka mzee akaachia mpini, akaketi sakafuni, akaanza kulia.

Hugh alifungwa miaka minne. Vidole viwili vya Winifred havikukunjika tena. Kamera ilikuwa imeendelea kurekodi pale sakafuni, kadi yake ikabaki nzima, na watu wa televisheni wakazitaka sana picha za ule ugomvi. Akawanyima.

"Watatazama kisu," alimwambia Alun, "moshi hawatauona."

"Na mkono wangu uliovunjwa bure je?"

"Ukipona utabebea stendi."

"Huna hata haya, wewe," Alun alisema, akicheka huku akiugulia.

Mwezi wa tatu walipanda treni kwenda Edinburgh, ambako mfalme mmoja alichorwa akiwa na mbwa miguuni.